"Ni Dawa ya Hospitali Tu, Mwacheni Alale": Maswali Niliyoulizwa Baada ya Kutazama Filamu ya Nan Goldin

Mimi ni nesi wa idara ya dharura hapa Marekani, mwaka wa kumi na mbili sasa. Jumamosi moja tulikutana sebuleni kwa dada yetu mmoja, Watanzania, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo, tukatazama All the Beauty and the Bloodshed, filamu ya hali halisi ya Laura Poitras iliyopata tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2022. Maswali yalianza kabla chai haijapoa. Nimeyaandika kwa sababu kuna maneno nimechoka kuyasikia pale mlangoni kwetu: "Alimeza dawa ya hospitali tu, tukamwacha alale."

Huyu Nan Goldin ni nani, na alipatwa na nini?

Ni mpiga picha Mmarekani aliyezaliwa 1953, jina kubwa katika sanaa. Mwaka 2014, akiwa Berlin, alifanyiwa upasuaji wa mkono akaandikiwa OxyContin ya kutuliza maumivu. Alianza na vidonge 3 kwa siku, kama alivyoelekezwa. Akafika 18. Baadaye akawa ananunua mtaani, na fentanili, dawa kali ya jamii hiyo hiyo, nusura imuue. Mwaka 2017 alipata matibabu ya uraibu, akatoka na hasira zake, akaunda P.A.I.N., kikundi cha kuwapinga waliotengeneza dawa ile.

Naomba muone alikoanzia. Hakuanzia kijiweni. Alianzia kwa daktari, na cheti mkononi.

Kwa nini walikuwa wanatupa chupa kwenye maji ndani ya jumba la makumbusho?

Lile ni Metropolitan Museum of Art la New York, Machi 2018. Ukumbi wenye hekalu la Misri ya kale ulikuwa na jina la Sackler, wafadhili wake, familia iliyomiliki Purdue Pharma, watengenezaji wa OxyContin, na kikundi kilitaka jina hilo liondolewe. Goldin na wenzake walirusha chupa za rangi ya chungwa, kama zile mnazopewa famasi, kisha wakalala sakafuni kama maiti. Mwaka uliofuata wakaingia Guggenheim, jumba jingine la makumbusho la New York, wakamwaga karatasi za cheti cha daktari kutoka ghorofa za juu, zikawa zinashuka kama mvua. Jumba la Louvre la Paris likaliondoa jina hilo mwaka 2019, Metropolitan ikafuata Desemba 2021.

Familia yenyewe imekana kuvunja sheria. Kampuni ilikiri makosa mahakamani mara mbili, 2007 na 2020. Mimi sehemu iliyonikaba koo ni ile ya Machi 2022, watu wa familia ile wanalazimika kukaa mbele ya kamera na kuwasikiliza wazazi waliozika watoto. Uso wa David Sackler hautikisiki. Dada mwenye nyumba alisimama akaenda kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Opioidi ni nini hasa?

Dawa za jamii ya afyuni. Zimo kodeini, tramadoli, oksikodoni (ndiyo iliyomo kwenye OxyContin), mofini na fentanili. Heroini, ule unga tunaoujua tangu Mombasa, Unguja na Dar, ni ndugu yao wa damu. Zinatuliza maumivu, zinaleta usingizi, na zikizidi zinauambia ubongo usahau kupumua.

Kama daktari ndiye aliyeiandika, itanileteaje uraibu?

Mwili hausomi cheti. Ukiitumia dawa hii kwa wiki kadhaa mwili unaizoea, unadai zaidi, na ukiikosa unaadhibu: jasho, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Vijana wa nyumbani wanaiita arosto, na arosto haijali kama ulianzia famasi au uchochoroni.

Madaktari wengi walidanganyika pia. OxyContin ilipoingia sokoni 1996, waliambiwa kwamba uraibu huwapata watu wachache mno, chini ya asilimia moja. Ushahidi mmojawapo uliozungushwa ulikuwa barua fupi ya mwaka 1980 katika jarida la kitabibu, aya moja tu, iliyohusu watu waliolazwa wodini na kupewa dawa chini ya uangalizi. Haikuhusu mtu anayekwenda nyumbani na chupa ya miezi. Kwa aya ile moja watu wakazikwa.

Mtu akimeza akalala, akawa anakoroma sana, si ndiyo anapumzika?

Hapana.

Swali hili nalijibu taratibu, kisha nalirudia. Mama mmoja alinionyesha video kwenye simu, ameichukua saa nne usiku. Mwanawe yuko kwenye kochi, mdomo wazi, anakoroma, na nyuma unasikia wadogo zake wanacheka. Alikuwa amemeza vidonge vya mgongo vya baba yake pamoja na bia. Sikiliza mkoromo wenyewe: una maji ndani, kama birika linalochemka kifuniko kikiwa juu, halafu kimya, halafu mwingine. Ule haukuwa usingizi. Ilikuwa njia ya hewa inaziba. Walimleta saa kumi na moja alfajiri. Kwa nini hawakupiga simu? "Ni dawa ya hospitali tu, nesi."

Tutajuaje sasa kwamba si usingizi wa kawaida?

Mwite jina kwa sauti kubwa. Mtikise. Kunja ngumi umsugue kwa nguvu katikati ya kifua, kwenye mfupa. Aliyelala atakutukana. Aliyezidiwa hataamka, au atafumbua macho nusu na kuzama tena. Tazama mboni: zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tazama kucha na ndani ya midomo. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute ubuluu usoni, tafuta rangi ya majivu humo ndani. Hesabu pumzi kwa dakika moja. Zikiwa chache sana, au zinakatika katika, hapo hapo piga simu 911, namba ya dharura ya hapa.

Lakini anaitika kidogo. Si tungoje hadi asubuhi?

Hapana. Msingoje asubuhi, msingoje saa moja, msimngoje mjomba mwenye gari. Ubongo uliokosa hewa unaanza kufa baada ya dakika chache, na mtu anayeitika kidogo saa tano anaweza asiitike saa tano na nusu, kwa sababu vidonge vingine vimetengenezwa kuachia dawa polepole na bado vinaachia. Msimwache peke yake. Na hayo ya kummiminia maji baridi, kumnywesha maziwa, kumpa kahawa nyeusi, kumtapisha kwa vidole, naomba yaishe. Mtu asiyejitambua ukimnywesha maziwa yanaingia mapafuni. Nimeyanyonya kwa mashine, najua yalivyo.

Mlaze ubavu. Akiacha kupumua, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano hadi msaada ufike.

Tukipiga 911 si watakuja polisi? Na karatasi zetu je? Na bili?

Hapa ndipo sebule nzima ilinyamaza, kwa hiyo nasema wazi. Karibu majimbo yote yana sheria ya kumlinda anayepiga simu kuokoa aliyezidisha dozi, ingawa kila jimbo lina masharti yake. Tangu 1986 sheria ya nchi inailazimu idara ya dharura kumpima na kumtuliza kila anayefika, awe na bima au hana, awe na karatasi au hana. Bili itakuja, ndiyo, na inaweza kuwa ya kutisha. Kuna watu wa ustawi wa jamii hospitalini wa kukaa nao mkazungumza kuhusu bili hiyo. Maiti haina wa kukaa naye.

Hiyo naloksoni ni kitu gani?

Ni dawa inayoing'oa opioidi kwenye ubongo na kurudisha pumzi, mara nyingi ndani ya dakika mbili tatu. Ipo ya kupuliza puani, na tangu 2023 hapa inauzwa bila cheti. Kama nyumbani kuna mtu anayemeza vidonge hivi, hata kama ni mzee wa msikiti au mama wa kwaya, nunueni. Yangu iko droo ya jikoni, karibu na vijiko, na watoto wangu wanajua. Kumpa mtu ambaye hakumeza opioidi hakumdhuru, kwa hiyo usisite ukibishana na nafsi.

Vimebaki vidonge kumi vya upasuaji wangu. Nikimpelekea mama Tanga, magoti yanamsumbua?

Jamani. Kitenge mpelekee, vidonge hapana. Mama mwenye presha, anayemeza na vya usingizi, umempelekea kitu ambacho wala hana wa kumpimia dozi, na yuko mbali na naloksoni. Virudishe famasi wavitupe.

Kijana wetu ameacha, miezi mitatu sasa ni safi. Hatari imekwisha?

Kwa upande mmoja imeongezeka. Mwili umesahau dozi ya zamani. Akiteleza siku moja akatumia kiasi alichokizoea, kiasi hicho hicho kinamuua. Ndiyo maana sipendi kumfungia mtu chumbani wiki mbili kwa maombi na supu kisha kumtangaza amepona. Maombi endeleeni nayo, lakini apate na methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu huu. Methadoni hata nyumbani ipo. Muhimbili walianza 2011. Na msimwite teja mbele za watu. Aliyeitwa teja hujificha chooni, na chooni hakuna wa kumpulizia pumzi.

Basi bibi mwenye saratani asipewe mofini?

Apewe! Maumivu ya saratani ni kazi ya mofini, na Uganda wamewapa wagonjwa mofini ya maji majumbani tangu miaka ya tisini. Ifungiwe kabatini, ipimwe kama ilivyoandikwa, na mwingine asiionje.

Amepuliziwa naloksoni, ameamka, anasema yuko sawa na anataka kwenda kulala. Tumwache?

Hapana. Naloksoni huweza kuisha ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na dawa aliyomeza bado imo mwilini. Anaweza kuzama tena akiwa kitandani kwake, mlango umefungwa, nanyi mnashukuru Mungu sebuleni. Atakasirika, atatapika, atasema mmemharibia usiku. Mpandisheni kwenye gari la wagonjwa hivyo hivyo na hasira zake, na chupa ya vidonge mje nayo.