Bakteria wa Tumboni mwa Samaki wa Kufugwa: Maswali Yanayoulizwa Sana

Nasikia utumbo wa samaki wa bwawani umejaa bakteria. Ina maana ni mgonjwa?

Hapana. Samaki huanguliwa akiwa na bakteria wachache mno. Mdomo ukishafunguka, maji na chakula huwaingiza, wakafanya makazi humo. Wengi wana kazi. Perege hupata vitamini B12 kutoka kwa bakteria wa utumboni mwake, hasa Cetobacterium, hata mfugaji halazimiki kumwongezea kwenye chakula. Sisi binadamu hatuna bahati hiyo, B12 yetu lazima tuile.

Mbona basi samaki huugua?

Mchukue bakteria aitwaye Aeromonas. Huishi majini na tumboni mwa samaki wazima bila kuleta taabu. Lakini samaki wakisongamana, oksijeni ikapungua, au wakivuliwa na kuhamishwa ovyoovyo, kinga hushuka, na bakteria yuleyule huvuka ukuta wa utumbo akaingia kwenye damu. Ndipo unaona tumbo limejaa maji, ngozi ina madoa mekundu na mapezi yanaoza. Mfugaji, kagua maji kwanza kabla ya kukimbilia dawa.

Kwani antibiotiki zina ubaya gani?

Hili linanitia wasiwasi kuliko yote. Dawa huua bakteria wema pamoja na wabaya, wakabaki wale sugu. Sehemu ya dawa hutoka na kinyesi, ikatua kwenye tope la bwawa, na huko bakteria hupeana vinasaba vya usugu, wakiwamo wanaowaletea watu magonjwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006. Kutibu kwa maelekezo ya daktari wa mifugo ni sawa, ila usivune kabla siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho hazijaisha.

Jikoni nifanyeje?

Unapompasua samaki kumtoa utumbo, anzia kwenye tundu la haja, pandisha kisu kuelekea kichwani ukikata ukuta wa tumbo tu. Ncha ikizama, utumbo hupasuka na kinyesi hupaka nyama. Suuza papo hapo. Osha ubao na kisu kwa sabuni kabla ya kukatia chochote kinacholiwa kibichi. Pika hadi nyama iwe nyeupe hadi kwenye mfupa na ichambuke.

Nimechomwa na mwiba wa pezi.

Osha kwa sabuni na maji mengi. Bakteria kama Streptococcus iniae hupenya hapo. Mkono ukivimba, ukawa mwekundu au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari kwamba ulichomwa na samaki.