Umelipia uanachama, hujanunua kiwanja

Jioni moja, saa moja kasoro dakika kumi, Hajji mmoja mwenye duka la vipuri kule Kisekka alisimama mbele ya meza ya mapokezi, mfuko wa raketi begani, akanisogezea simu yake usoni. "Kocha, nimelipa mwaka mzima. Kiwanja changu kiko wapi?" Kwenye programu ya kuwekea nafasi, visanduku vyote vya jioni vilikuwa vyekundu, yaani vimeshachukuliwa, kuanzia siku ile mpaka Ijumaa. Saa nne asubuhi, saa tano, saa saba, saa nane: kijani kitupu, kama malisho ya Mbarara baada ya mvua. Nikamwambia, "Hajji, chako ni hicho cha kijani." Hakucheka.

Nafundisha padeli, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi lakini kiwanja chake kimezungushiwa vioo, hapa Kampala, na kwa kuwa mapokezi hapakosi upungufu wa watu, nusu ya siku nakaa mezani nikiuza uanachama. Maswali ya mchezo nayapenda. Ya uanachama yananizeesha, kwa sababu ni yale yale, na wanaoyauliza huwa wameshalipa.

"Nikiwa mwanachama, kiwanja kipo"

Hakipo. Ulichonunua ni ruhusa ya kukigombania mapema kuliko mtu wa nje.

Tupige hesabu, maana bila hesabu hatutaelewana. Tuseme klabu ina viwanja 2. Watu wanatoka kazini, wanahangaika na foleni ya Jinja Road, wanaanza kufika saa kumi na moja jioni. Mchezo mmoja ni dakika 90. Kwa hiyo kila kiwanja kina zamu 3 za jioni: ya saa kumi na moja, ya saa kumi na mbili na nusu, na ya saa mbili usiku inayoisha saa tatu na nusu, majirani waanze kulalamikia mlio wa mipira kwenye vioo. Viwanja viwili, zamu 6. Padeli huchezwa na watu wanne, kwa hiyo jioni moja inabeba watu 24. Jumatatu mpaka Ijumaa, nafasi 120.

Sasa tuseme klabu hiyo ina wanachama 150, na kila mmoja anataka kucheza jioni mara 2 kwa wiki. Zinahitajika nafasi 300. Zipo 120. Wakijenga kiwanja cha tatu, na watu washangilie siku ya uzinduzi, zitakuwa 180. Bado watu wengi watabaki nje, kadi zao mkononi.

Hakuna aliyemwibia Hajji. Klabu inauza uanachama kama benki inavyokopesha akiba za wateja: inategemea kwamba nyote hamtakuja siku moja. Tatizo ni kwamba Kampala wote huja saa zile zile za jioni. Hapa jua linazama karibu saa ile ile Januari hadi Desemba, ofisi zinafungwa pamoja, na hakuna siku ndefu za kiangazi za kuwatawanya watu.

Kwa hiyo mtu anapoanza kuniuliza kama kifurushi cha dhahabu kina taulo, nachoka. Taulo unayo nyumbani. Uliza viwanja ni vingapi na wanachama ni wangapi, halafu ugawe mwenyewe. Uliza mwanachama anaruhusiwa kuweka nafasi siku ngapi kabla, na mtu wa nje siku ngapi. Tofauti hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Kama wewe una siku 7 na asiye mwanachama ana siku 7, umenunua fulana yenye nembo.

Halafu kuna swali ambalo sijawahi kuulizwa na mteja hata mmoja, na ndilo ningeanza nalo: mtu mmoja anaruhusiwa kushikilia nafasi ngapi kwa wakati mmoja? Pasipo kikomo, kundi moja la marafiki wanne litajichukulia Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili na nusu, wiki hii, ijayo na ile nyingine, kila mmoja akibonyeza kwa zamu yake usiku wa manane, nafasi mpya zinapofunguliwa. Klabu moja niliyofundisha zamani ilikuwa hivyo. Tulikuwa na wanachama ambao miezi mitatu hawakuonja jioni, na meneja akiwaambia "jaribuni mapema zaidi." Mapema kuliko saa sita usiku ni saa ngapi? Klabu isiyo na kikomo hicho, mimi nisingeilipia hata mwezi.

Uliza pia kifungu cha kughairi. Mahali ambapo anayeacha nafasi dakika za mwisho hatozwi chochote, sehemu ya ule wekundu unaouona ni watu ambao hawatakuja.

"Uanachama mkubwa ndio unaookoa pesa"

Inategemea unacheza saa ngapi. Nitatumia bei za mfano, si za klabu yoyote. Kiwanja kwa dakika 90 ni shilingi 160,000, kwa hiyo robo yako ni 40,000. Uanachama ni 400,000 kwa mwezi: mchana robo yako ni bure, jioni unapunguziwa asilimia 25.

Mchezaji wa mchana anaokoa 40,000 kila mara. Akicheza mara 10 kwa mwezi, pesa yake imerudi. Anayetoka kazini jioni anaokoa 10,000 tu. Ili arudishe 400,000 itabidi acheze jioni mara 40 ndani ya mwezi mmoja. Mwezi una siku 30, ssebo.

Na hapo hatujawagusa wale watatu. Watu wengi wanatoka kwenye mazoezi ya gimu, ambako unaingia peke yako na kutoka peke yako, wakadhani huku ni vivyo hivyo. Kadi yako inagharamia robo yako. Shemeji uliyemleta, mwenzako wa ofisini na rafiki yake ni wageni, na klabu zinazotoza ada ya mgeni humtoza aliyeweka nafasi. Tuseme ada hiyo ni 15,000. Wageni watatu, 45,000. Umeokoa elfu kumi, umelipa elfu arobaini na tano, kisha unaniambia uanachama ni wizi. Wanne mjiunge pamoja, au wanne mlipe kwa mchezo. Kujiunga peke yako ukiwa na marafiki wasio wanachama ndiyo njia ya ghali kuliko zote.

Jambo moja dogo la mezani: uliza kama bei uliyotajiwa ina VAT. Hapa Uganda ni asilimia 18, na 400,000 ikiongezewa hiyo inakuwa 472,000. Nimeona nyuso zikibadilika pale pale mtu ameshika simu akitaka kulipa kwa MoMo.

"Nilipe mwaka mzima, ni nafuu"

Nafuu ipo, sikatai. Lakini wako wanaoniambia padeli ni fasheni, itapita, na wako wanaolipa mwaka bila kufikiri. Wote wanaangalia mahali pasipo. Mchezo huu ulianza 1969 huko Acapulco, Meksiko, nyumbani kwa Enrique Corcuera, ukavuka bahari hadi Marbella, Hispania, 1974, na leo una shirikisho la kimataifa lililoundwa tangu 1991. Hauendi popote. Kinachoweza kuondoka ni klabu yako. Kiwanja cha padeli ni fremu za chuma, vioo na zulia la nyasi bandia. Kinafunguliwa nati kwa nati, kinapakiwa kwenye lori, kinahamia kwingine. Uliza kama ardhi ni yao au wamekodi, na kama wamekodi mkataba umebaki miaka mingapi. Wakijikanyaga kwenye jibu, lipa miezi mitatu mitatu.

"Nijiunge kwanza, nitajifunza humo humo"

Hapana. Padeli inapokea mgeni vizuri: sevu inapigwa kwa chini, mpira ukishadunda, usawa wa kiuno au chini yake, hakuna kulenga angani kama tenisi. Saa ya kwanza utakuwa unarudisha mipira na kujisifu. Kisha mpira utapita, utagonga kioo nyuma yako, na utagundua hujui lolote. Pesa ya uanachama wa mwezi wa kwanza itie kwenye masomo manne au matano ya kioo hicho. Wiki sita lipa kwa mchezo, na uandike kwenye kalenda ya simu kila siku na saa uliyocheza kweli, si uliyopanga. Baada ya hapo njoo mezani na kalenda yako, nitakuuzia kifurushi kwa dakika mbili. Wengi watagundua walicheza mara tano.

"Uanachama wa familia ni bora kwa sababu watoto watacheza"

Watoto wako wanasoma bweni? Basi wako nyumbani likizo tatu tu: ya Mei, ya Agosti, na ile ndefu ya Desemba na Januari. Miezi iliyobaki unalipia hewa. Chukua wa watu wawili, na likizo uwalipie watoto wakija. Likizo mchana viwanja viko wazi, na klabu zitafurahi kuwapata.

"Mvua ikinyesha nitarudishiwa zamu yangu"

Baadhi hurudisha, baadhi hukutazama tu. Ninachojua ni kwamba kioo kikilowa mpira unateleza badala ya kurudi, na nyasi zikilowa goti lako ndilo linaloteleza. Mvua zetu ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Hiyo ni nusu ya mwaka uliolipia. Mimi ningechukua kiwanja chenye paa na kadi ya bei ya chini, kabla ya kiwanja wazi na kadi ya dhahabu. Na ukiwa hapo uliza jenereta. Zamu ya pili ya jioni giza linaingia mkiwa katikati ya seti, umeme ukikatika mnabaki mkiokota mipira kwa tochi za simu.

"Mipira ni mipira"

Kifurushi chako kinaweza kusema "mipira imo." Ni mipira gani? Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira wa kawaida unaruka kama umetukanwa. Sheria za kimataifa zimelijua hilo: mpira wa padeli ukiangushwa kutoka mita 2.54 hutakiwa kurudi juu sentimita 135 hadi 145, lakini mahali palipozidi mita 500 unaruhusiwa mpira mtulivu zaidi, unaorudi chini ya sentimita 135. Klabu nyingi hazihangaiki na hilo. Wanakupa kikapu cha mipira iliyopigwa tangu mwezi uliopita, imekufa, na mwanafunzi anadhani ndiyo imetulia. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikizama kama embe bivu, irudishe mezani udai kopo jipya, na nikiwa mimi niliyekaa pale nitanung'unika kidogo kisha nitakupa.