Je, wajua kwa nini umeme na data hupita katika nyaya zilezile bila kuvurugana?

Kamera iliyofungwa ukutani kwenye ghala moja la Ujiji haina waya wa umeme. Ina kebo moja tu ya Etheneti, ambayo huiletea umeme na kuchukua picha zake. Kwa miaka kadhaa niliamini, na kuwafundisha vijana wa karakana yetu ya Mwanga, kwamba kebo ina nyaya nane, data hutumia nne, na umeme hupita katika nne zilizobaki bure. Nilikosea. Maelezo hayo ni kweli kwa baadhi tu ya mitandao ya megabiti 10 au 100 kwa sekunde. Kanuni ya kiufundi ya mwaka 2003 ya kupitisha umeme kwenye kebo ya Etheneti (PoE) iliruhusu umeme upite hata katika nyaya za data, na kwenye gigabiti nyaya zote nane zina data, kwa hiyo hakuna waya ulio bure.

Kilichonifungua macho ni mita. Kamera ikiwa inafanya kazi, nilipima kati ya waya wa 1 na wa 3, ulio wa jozi nyingine, nikapata takriban volti 48; nilipopima kati ya wa 1 na wa 2, ambazo zimesokotwa pamoja kuwa jozi moja, nikapata sifuri.

Fikiria mitumbwi miwili ya dagaa iliyoegeshwa sambamba ziwani. Masika maji yakijaa, yote miwili huinuka pamoja, na anayetazama tofauti ya kimo kati yake haoni badiliko lolote. Wimbi dogo linapoinua mmoja na kushusha mwingine, huliona mara moja. Data ni wimbi hilo, maana kipokezi husoma tofauti tu kati ya nyaya mbili za jozi. Umeme ni kujaa kwa ziwa.

Kwenye bodi ya kamera, kazi ya kutenganisha umeme na data hufanywa na transfoma ndogo iliyo nyuma ya soketi. Umeme huchukuliwa katikati ya koili, ambako nusu mbili za mkondo hukutana zikitoka pande zinazopingana, na sumaku zake zikafutana. Kutoka hapo hupita kwenye daraja la dayodi, yaani dayodi zinazouelekeza umeme upande mmoja, kisha kwenye kibadilishi kinachoshusha volti hadi 5 au 3.3. Mbunifu asisahau rezista ya takriban kiloomu 25: swichi ya mtandao inayotoa umeme kwa kufuata kanuni huitafuta kwanza kwa volti chache, na isipoiona haitoi umeme.

Kufutana huko hutegemea nyaya mbili za jozi kuwa na ukinzani unaokaribiana. Zikitofautiana sana, kwa mfano kichwa cha kebo kikibanwa vibaya, kiini cha transfoma hushiba sumaku na data huharibika ingawa umeme unafika. Hiyo si sababu pekee ya picha kukatika, lakini kamera inapowaka huku picha zikikatika, mimi huanza kwa kukata kichwa cha kebo na kubana kipya kabla sijaigusa bodi.