Askari wa akiba akirudi kazini, anarudi wapi hasa?

Nimechoka na sentensi moja: “Kazi yako haiguswi mpaka urudi.” Anaisema askari wa akiba aliyeitwa jeshini, anaisema bosi wake, na juzi nimeisikia kwa ofisa utumishi ambaye analipwa ili asiiseme. USERRA, sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inayomlinda anayeacha kazi kwenda jeshini, haisemi hivyo popote.

Ya mwanzo nayapitia mbiombio. Hakuna mwajiri mdogo mno kwa sheria hii. Hata mwenye mfanyakazi mmoja inambana. Huombi ruhusa, unaarifu, hata kwa mdomo. Ukiwa na mwajiri mmoja, miaka ya jeshini isizidi 5 kwa jumla, ingawa wito mwingi wa dharura hauhesabiwi. Ukitumikia siku 31 hadi 180, omba kurudi ndani ya siku 14. Zikizidi 180, una siku 90. Na hapana, sheria haimlazimishi mwajiri binafsi kukulipa mshahara muda wote huo ukiwa huko. Kwa mafunzo mafupi kuna ubishi mpya: kampuni ikiwalipa wanaoitwa kukaa kwenye jopo la waamuzi mahakamani, askari naye je? Tangu 2021 mahakama kadhaa za rufaa zimesema hoja hiyo inastahili kusikilizwa.

Sasa tuje kwenye kiti chako. Sheria inauliza jambo moja tu: usingeondoka, leo ungekuwa wapi? Mwaka 1946, chini ya sheria iliyoitangulia hii, Mahakama ya Juu ilifananisha ajira na ngazi za umeme. Hurudi kwenye daraja uliloshukia. Unapanda pale ambapo zingekuwa zimekufikisha.

Tuseme uliacha kazi ya kupakia mizigo ghalani, na kila mwenye miaka 3 hupandishwa mshahara. Miaka hiyo ikitimia ukiwa jeshini, unalipwa kiwango kipya tangu siku unayorudishwa. Kama cheo kilihitaji mtihani, mwajiri akupe muda wa kutosha kujiandaa, ufanye, na ukifaulu cheo kihesabiwe tangu tarehe ambayo ungekipata. Kama mashine zimebadilika, akufundishe. Waajiri wengi huishia kukurudishia koti lako la zamani na kudhani wamekutendea wema.

Upande wa pili ndio unaowaudhi wateja wangu: ngazi hizo hushuka pia. Zamu yako ikifutwa na wote waliokuwemo wakapunguzwa, hukuachiwa kiti peke yako. Na ukitumikia zaidi ya siku 90, mwajiri anaweza kukupa nafasi nyingine, mradi ukuu kazini, hadhi na mshahara vilingane. Basi “wamenipa kazi tofauti” peke yake si kesi. Niletee orodha ya wenzako wa zamu: nani yuko wapi leo, analipwa ngapi.

Pagumu ni vyeo vinavyotolewa kwa hiari ya meneja. Sheria inataka iwe karibu hakika kwamba ungekipata. Hukumu ninazosoma haziendi njia moja, na anayekuhakikishia matokeo ya kesi ya namna hiyo anakuuzia maneno.

Waajiri nao: “Tumeshaajiri mtu mahali pake.” Hiyo si sababu, hata kama huyo mpya atalazimika kuondoka. Ila sitawacheka wenye biashara ndogo, maana mzigo wao ni wa kweli na msaada ni mwembamba. Ukijitolea kumfidia pengo la mshahara aliye kwenye utumishi wa zaidi ya siku 30, serikali hukupunguzia kodi asilimia 20 ya malipo hayo, hesabu ikikomea $20,000 kwa mtu. Yaani $4,000 kwa mwaka, basi. Biashara ikiyumba kwa sababu mtu wake muhimu ameitwa, SBA, idara ya serikali inayosaidia biashara ndogo, ina mkopo maalumu wa hadi dola milioni 2. Ni mkopo, si ruzuku.

Kwa askari, pesa inayoachwa mezani mara nyingi iko benki. Sheria ya SCRA, inayowakinga walio jeshini kwenye mambo ya madeni na mikataba, inashusha riba ya madeni uliyokopa kabla ya utumishi hadi asilimia 6, na ziada inafutwa kabisa, haisogezwi mbele. Benki si lazima ikutafute. Andika barua, ambatanisha nakala ya amri ya wito, na uipeleke kabla siku 180 hazijapita tangu utumishi uishe.