Wembamba wa Runinga Huamuliwa na Mahali Taa Ilipo

Wengi wanaoleta runinga kwenye karakana yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, huamini kwamba unene wa runinga bapa unatokana na kioo chake. Ukweli ni kwamba tabaka la fuwele kioevu (kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga kwa utaratibu kama fuwele) lililomo ndani ya kioo hicho lina unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita. Kinachokula nafasi ni taa.

Fuwele kioevu hazitoi mwanga wowote. Hupitisha au kuzuia ule unaotoka nyuma yake, zikisaidiwa na vichujio viwili vinavyopitisha tu mwanga unaotetema kuelekea upande mmoja. Kichujio cha kwanza humeza takriban nusu ya mwanga, vichujio vya rangi humeza karibu theluthi mbili ya unaobaki, na mwishowe kinachofika machoni kwa kawaida ni chini ya asilimia 10. Taa lazima iwe kali, tena isambae sawasawa.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na mirija ya florisenti yenye zebaki. Ilipopatikana LED (kijitaa cha kielektroniki) ya buluu, ambayo iliwapa wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, ikawezekana kupata mwanga mweupe kutoka kwenye kitu kidogo sana, na taa zikahamishiwa ukingoni. Mwanga huingia ubavuni mwa bamba la akriliki (plastiki angavu), ukaakisiwa huku na huko ndani yake, hadi ugonge vidoti vilivyochapwa upande wa nyuma, ambavyo huutawanya kuelekea mbele. Vidoti hivyo huwa haba karibu na taa na hukaribiana kadiri unavyokwenda mbali nayo, la sivyo ukingo ungeng'aa na katikati kungefifia. Kwangu mimi, hakuna sehemu ya runinga iliyobuniwa kwa ustadi kuliko bamba hilo.

Udhaifu wake ni kwamba ni vigumu kuzima sehemu ndogo tu ya picha, kwa hiyo weusi huonekana kijivu. LED zikipangwa nyuma ya kioo tatizo hilo hupungua, lakini mwanga huhitaji umbali ili utawanyike. Ukitaka runinga nyembamba, huna budi kuongeza idadi ya LED na kuzisogeza karibu karibu, kama inavyofanyika sasa kwa LED ndogo mno zinazofikia maelfu.

Kwa mtumiaji, adui ni joto. LED nyingi huunganishwa kwa mfululizo, hivyo moja ikikatika, mstari mzima huzimika. Runinga ikitoa sauti bila picha, imulike kioo kwa tochi gizani: ukiona picha hafifu, taa ndiyo iliyokufa. Kupunguza mwanga wa nyuma kwenye mipangilio hurefusha maisha yake.