Gobore: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu.

“Gobore ni la kale, halihitaji leseni.” Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura 114, inagusa silaha yoyote yenye mtutu inayoweza kuua, haijali kama risasi imeingilia mdomoni au nyuma. Mkazi wa Nairobi anahitaji cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, na baruti nayo ina sheria yake ya vilipuzi, Sura 115. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo hapa kwetu ni shabaha ya uwanjani tu.

“Fundi wa Kamukunji atakuundia mtutu.” Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hawana mpinzani kwa masanduku na majiko. Lakini bomba la kawaida huwa na mshono wa kuchomelea, na hapo ndipo linapopasukia, karibu na uso wa mlengaji. Isitoshe, kuunda silaha bila idhini ni jinai. Hata Marekani, ambako chama cha wapenda magobore, NMLRA, kipo tangu 1933, wengi wanaojiundia hununua mtutu na mtambo wa kufyatulia vikiwa tayari. Ufundi wao uko kwenye mbao: kuchonga kitako na kuulaza mtutu kwenye mfereji wake usicheze.

“Baruti ni baruti.” Kosa hili ndilo baya kuliko yote. Gobore hutumia baruti nyeusi, au mbadala uliotengenezwa kwa ajili yake. Baruti ya kisasa isiyo na moshi hupandisha shinikizo ambalo mtutu huo haukuundwa kulibeba, hata ukiweka kiasi kilekile. Na usimimine kutoka kwenye chombo moja kwa moja: cheche iliyobaki ndani inaweza kuwasha chombo kizima mkononi. Mimina kwanza kwenye kipimo.

“Shindilia kwa nguvu, itafika mbali.” Kuigonga risasi kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, kunaibonda tu. La muhimu ni iketi juu ya baruti bila nafasi katikati, kwa sababu nafasi hiyo huweza kuvimbisha mtutu au kuupasua. Tia alama mbili kwenye mdeki: ya mtutu mtupu na ya mtutu ulioshindiliwa. Zitakuonyesha pia kama umesahau ukashindilia mara mbili.

“Halina shabaha.” Lisilo na mikato ndani, yaani mifereji inayoizungusha risasi, sawa. Lenye mikato ni habari nyingine, mradi risasi ya duara ivikwe kiraka cha kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta. Mtutu wa milimita 12.7 kwa kawaida huchukua risasi ya kama 12.4 na kiraka cha kama 0.4. Baada ya kupiga, subiri wote wasimamishe kupiga, kisha kaokote viraka mita chache mbele. Vinasema mengi kuliko karatasi ya shabaha. Kiraka kikiwa kizima na kingo zimechakaa kidogo, endelea hivyo hivyo. Kikiungua tundu katikati, ni chembamba, kikavu, au baruti imezidi. Kikikatika kwa mistari, mikato ya mtutu mpya au ukingo wa mdomo bado ni mkali.

“La gumegume likikataa kulia, baruti imeharibika.” Hili huwashwa kwa cheche za jiwe. Mara nyingi tatizo ni jiwe butu, au kitundu cha kupitishia moto kwenye mtutu kimezibwa na masizi. Ukijaza kisahani cha baruti ya kuwashia hadi kuziba kitundu, moto unaweza kuchelewa. Likikataa, liache limeelekea shabaha dakika nzima kabla ya kuligusa.

“Lipake mafuta, usafi baadaye.” Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na kutu huanza baada ya saa chache, hasa baridi ya Julai. Mafuta ya mashine juu ya masizi hugeuka lami. Anza na maji moto na sabuni, sugua hadi kitambaa kitoke cheupe, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa tena. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia.