Cheti cha kurudia hakijirudii: dhana potofu kuhusu dawa za kila mwezi Uingereza

Ukiwa na presha au kisukari na umejiandikisha kwa daktari wa mtaa, GP, dawa zako za kila siku huingizwa kwenye orodha ya vyeti vya kurudia (repeat prescriptions), yaani maagizo ya dawa unazotumia mfululizo. Jina hilo ndilo linalotuponza.

"Dawa zikikaribia kuisha, famasi itajua"

Haitajua. Kuwamo kwenye orodha kunakupa ruhusa ya kuomba bila kumwona daktari kila mara, lakini kuomba ni kazi yako, kila awamu. Unaomba kupitia programu ya NHS, huduma ya afya ya serikali, kwenye simu, tovuti ya kliniki, au kwa kutia alama kwenye ile karatasi inayokuja na dawa (ambayo wengi wetu huitupa pamoja na mfuko) na kuipeleka mapokezi. Kliniki nyingi hazipokei maombi kwa simu, maana majina ya dawa yanafanana na kusikia vibaya ni hatari. Kwa lafudhi zetu hizi, naona wana hoja.

Ipo njia inayokaribia ile tunayoidhania. Kama hali yako imetulia na dawa hazibadilikibadiliki, daktari anaweza kusaini mara moja vyeti vya hadi miezi 12, ukawa unakwenda famasi moja kwa moja. Watu wachache huambiwa habari hii wasipouliza. Uliza.

"Nimeomba asubuhi, jioni nazipitia"

Hapa ndipo ugomvi wa mapokezi huzaliwa. Kliniki nyingi huhitaji siku 2 za kazi, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo. Cheti kikishasainiwa hutumwa kwa kompyuta kwenye famasi uliyoichagua, nayo ina foleni yake, na pengine dawa yenyewe haipo mpaka iagizwe. Anayeomba Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu ajihesabie mwenyewe. Mimi huomba zikibaki za siku saba au zaidi kidogo. Kuomba mapema mno nako hakufai, kwa sababu kompyuta inaonyesha bado unazo na ombi linarudishwa. Ukiwa unasafiri, andika hivyo kwenye ombi, ila usitarajie dawa za mwaka mzima. Kwa kawaida hawazidishi za miezi 3.

Ombi likikataliwa bila sababu unayoielewa, mara nyingi ni tarehe ya mapitio imepita: wanataka kukupima presha au damu kwanza.

"Dawa zinachukuliwa kwa daktari"

Kwa daktari hutoka cheti, dawa ziko famasi. Vijijini tu, famasi ilipo mbali, baadhi ya kliniki hutoa dawa zenyewe. Mtoto au jirani anaweza kukuchukulia, mradi ajue jina lako kamili na anwani. Kwa dawa zinazodhibitiwa, kama morfini, abebe na kitambulisho.

"NHS ni bure"

Kumwona GP ni bure, hata kwa asiye na vibali. Dawa ni bure Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. England unalipa, na mwaka 2025 ilikuwa pauni 9.90 kwa kila aina ya dawa, si kwa cheti kizima. Wenye miaka 60 na zaidi hawalipi. Mjamzito, aliyejifungua ndani ya miezi 12, na mwenye kisukari anayetumia dawa hawalipi pia, lakini hawa lazima wawe na cheti cha msamaha mkononi. Ukitia alama ya "silipi" bila cheti hicho, barua itakufuata nyumbani: ada yenyewe na faini ya hadi pauni 100 juu yake. Anayeomba hifadhi na kusaidiwa na serikali hutumia cheti cha HC2, kinachomsamehe ada.

Presha peke yake haina msamaha, na hili huwashangaza wengi. Nafuu ipo: unaweza kulipia mwaka mzima mapema, ambayo kwa mwaka huo wa 2025 ilikuwa pauni 114.50, hata dawa ziwe ngapi. Piga hesabu: aina moja tu kila mwezi ni pauni 118.80 kwa mwaka.

"Niagize zote, ziwe akiba"

Dawa ikishatoka famasi haipewi mgonjwa mwingine, hata boksi likiwa halijafunguliwa. Ukiirudisha, inateketezwa. Tia alama kwa unazohitaji tu. Usizoagiza mwezi huu kwa kawaida hubaki kwenye orodha.

"Zimeisha Jumapili, nitasubiri Jumatatu"

Kwa dawa ya kifafa au insulini, kusubiri ni kucheza na moto. Piga 111, namba ya ushauri ya NHS, au tumia tovuti yake, uelekezwe kwenye famasi iliyo wazi. Mfamasia anaweza kukupa dawa za dharura bila cheti, isipokuwa nyingi za zile zinazodhibitiwa. Nenda na boksi tupu lenye jina lako, aone unatumia nini na kwa kipimo gani.